Bakuli na Sanduku Lake

(Hotuba iliyotolewa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka. Inachapishwa kwa ombi la waliokuwapo.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, ndugu zangu tuliokunywa uji pamoja katika bwalo la shule hii, na ninyi vijana mnaoendelea kuunywa:

Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumzie jambo lolote lililonishughulisha maishani nje ya kazi. Nikamjibu kwamba jambo hilo ni vikombe na mabakuli. Alidhani namfanyia mzaha. Hata sasa nawaona wenzangu wa darasa wanacheka, maana wanakumbuka nani alivunja birika kubwa la bwaloni tulipokuwa kidato cha pili. Basi chukulieni kwamba tangu siku ile nimekuwa nikilipa deni.

Kabla sijaanza, nimempa kijana wa mstari wa mbele bakuli moja. Naomba lipite mkono kwa mkono mpaka nyuma. Lipokeeni kwa mikono miwili, kama wafanyavyo Wajapani wenyewe. Litazameni ndani na nje, ligeuzeni mwone kitako chake, kisha mpeni jirani. Sitasema sasa ni la nani wala lilinigharimu nini. Hayo nitayasema baadaye.

Nilikwenda Japani mwaka 1984 kujifunza utunzaji wa mitambo ya kiwandani. Nilikaa miaka mitano katika mji wa Utsunomiya, kaskazini ya Tokyo. Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, mwenzangu wa kiwandani alinichukua kwa basi, mwendo wa kama saa moja, mpaka mji mdogo uitwao Mashiko. Aliniambia kuna gulio la vyombo. Mimi nilidhani ni sufuria.

Nilikuta mamia ya vibanda, na kila kibanda kimejaa vyombo vya udongo: vikombe vya chai visivyo na mkono, sahani, mitungi, birika. Gulio hilo lilianza mwaka 1966, nalo hufanyika mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Novemba. Aliyetengeneza chombo ndiye anayekiuza, na ukimwuliza amekichomaje, anasahau biashara na kukueleza. Nilinunua kikombe kimoja cha rangi ya kahawia kwa fedha ya chakula cha mchana. Nikarudi nyumbani na njaa, lakini nina kikombe. Nadhani ndivyo ugonjwa huu unavyoanza.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu Mashiko, maana jina hilo lina historia. Ufinyanzi ulianza pale mwaka 1853, nao ulikuwa ufinyanzi wa jikoni: mitungi ya maji, vyungu na birika za kuuzwa Tokyo. Hakuna aliyeweka vyombo hivyo kabatini. Kisha mwaka 1924 akaja kijana aitwaye Hamada Shoji. Alikuwa amesoma, tena alikuwa ametoka Uingereza, ambako alikwenda mwaka 1920 pamoja na Mwingereza Bernard Leach kujenga tanuri katika mji wa St Ives. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa Tokyo au Kyoto. Yeye akachagua kijiji cha watengenezaji vyungu, akatumia udongo wao wenye mchanga mchanga na rangi zao zile zile.

Niseme neno juu ya rangi hizo. Chombo kikipakwa maji yenye mawe yaliyosagwa na majivu, kisha kikachomwa kwa moto mkali, maji yale hugeuka ngozi ya kioo. Rangi ya kahawia iliyoiva ya Mashiko, waiitayo kaki kwa jina la tunda fulani, hutoka katika jiwe la hapo hapo lililosagwa. Nyeupe yao ya maziwa hutoka katika majivu ya pumba za mpunga. Mwenzetu aliyetoka kwenye mpunga ajue kwamba pumba anazozitupa, kule ni uzuri wa bakuli.

Hamada na rafiki zake, yaani Kawai Kanjiro wa Kyoto na mwanafikra Yanagi Soetsu, walikuwa na hoja moja. Walisema kwamba uzuri hauko katika vitu vya wakubwa peke yake. Uko pia katika bakuli la mkulima, lililotengenezwa na mtu asiyejulikana jina, kwa ajili ya kutumiwa kila siku. Mwaka 1925 wakaupa uzuri huo jina la mingei, yaani sanaa ya watu, na mwaka 1936 wakafungua nyumba ya makumbusho Tokyo kwa ajili yake. Mwaka 1955 serikali ilimpa Hamada heshima ambayo watu huiita Hazina Hai ya Taifa. Kawai aliikataa heshima hiyo. Hamada aliipokea, lakini vyombo vyake hakuvitia saini. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa sababu, alijibu kuwa siku zijazo vyombo vyake vibaya watu watasema ni vya wanafunzi wake, na vizuri vya wanafunzi wake watasema ni vyake. Alifariki mwaka 1978, kwa hiyo mimi sikumkuta. Nilikuta sifa zake tu, na sifa hizo ndizo zilizonitia shimoni.

Maana kuna jambo jingine la kujua. Kule Japani chombo kizuri huwekwa katika sanduku la mti wa kiri, ambao ni mwepesi sana. Mfinyanzi mwenyewe huandika kwa brashi juu ya kifuniko: chombo hiki ni cha namna gani, na jina lake, kisha hugonga muhuri. Kwa mtu kama Hamada, asiyetia saini kitakoni, maandishi ya sanduku ndiyo ushahidi. Wafanyabiashara hutazama sanduku kama sisi tutazamavyo kadi ya gari. Chombo kile kile bila sanduku lake bei hushuka.

Mwaka 1987 niliingia duka moja la vitu vya kale mjini Tokyo. Mwenye duka alinitolea sanduku lililopauka kwa umri, akafungua kitambaa, ikatoka bakuli. Akaweka kidole juu ya maandishi ya kifuniko na kusema, “Hamada.” Maandishi ya brashi sikuweza kuyasoma, ila jina lile nilikuwa nimejifunza umbo lake, na kweli lilikuwapo. Bei ilikuwa yeni 200,000. Kwangu mimi zilikuwa fedha nyingi sana, lakini kwa bakuli la kweli la Hamada zilikuwa kidogo mno, na hilo peke yake lingetosha kunizindua.

Ndugu zangu, fedha hizo hazikuwa za kuchezea. Nilikuwa nimeziweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya mabati ya nyumba ya baba yangu huko Tukuyu. Wanaotoka kwetu wanajua mvua yetu ilivyo. Nilikuwa nimemwandikia baba kwamba kabla ya masika yajayo nyasi zitaondoka juu ya nyumba yake. Nilitoka dukani na sanduku kwapani, nikijiambia kwamba bakuli hili nitaliuza baadaye kwa bei mara tatu, na baba atapata mabati na sakafu juu yake. Nanyi mmeshawahi kusikia hesabu za namna hiyo.

Baada ya miezi miwili nililipeleka kwa mfinyanzi mmoja mzee wa Mashiko, ambaye nilikuwa nikimtembelea siku za Jumapili na kumsaidia kupasua kuni. Nilikwenda kwa majivuno. Mzee alisoma kifuniko, akanyamaza. Akalitoa bakuli, akalizungusha taratibu, akaligeuza na kutazama kitako kwa muda mrefu.

“Sanduku ni la kweli,” akasema. Nilifurahi sana. Kisha akaongeza, “Ila limeandikwa chombo cha maua.”

Alinionyesha jinsi bakuli lilivyocheza ndani ya sanduku, na jinsi lilivyojazwa kitambaa pembeni lisigonge. Chombo cha maua kilikuwa kimekwenda zake, labda kilivunjika au kiliuzwa peke yake, na mtu akatia humo bakuli jingine la rangi inayofanana. Nikamwuliza, hili basi ni la nani? Akajibu kwamba hajui. Ni la Mashiko, hapana shaka. Udongo wa kitako wajionyesha. Aliyelitengeneza alikuwa na mkono uliozoea. Jina lake halijulikani.

Halafu akaniuliza swali ambalo sijalisahau. Aliniuliza: siku ile dukani, kabla ya kuonyeshwa jina, ulilipenda bakuli hili? Nikatafuta jibu, nikakosa. Ukweli ni kwamba sikulitazama. Nilitazama kifuniko.

Mwenye duka sikumpata kwa lolote, maana hakuwa ameniandikia karatasi yoyote, na neno alilolitamka lilikuwa moja tu. Masika ya mwaka 1988 yalimkuta baba chini ya nyasi zilizooza. Katika barua zake hakuuliza habari ya mabati hata mara moja. Aliuliza habari ya afya yangu. Mabati niliyapeleka mwaka 1989, niliporudi, na baba alilala chini yake miaka sita tu. Ndiyo maana nawaambia kwamba bakuli hili lilinigharimu zaidi ya yeni 200,000.

Kwa hasira nililisukuma uvunguni mwa kitanda. Mzee wa Mashiko alipopata habari alinikemea. Alisema bakuli halikunidanganya, maana halijui kusema. Akanishauri nilitumie mwaka mmoja kisha niseme kama ni zuri au ni baya. Basi nikaanza kulia wali ndani yake. Polepole nikagundua kwamba mdomo wake umepinda kidogo kuja nje, hata mchuzi haumwagiki kidevuni. Kitako chake ni kirefu kiasi cha kutosha vidole viwili, hata likiwa na uji wa moto halikuunguzi. Ndani kuna mzunguko mmoja wa kidole cha mfinyanzi, ambao huuoni ila chakula kikiisha. Nikaona kwamba nililitukuza kwa sababu ya jina, kisha nikalidharau kwa sababu ya kukosa jina, na siku zote hizo lenyewe lilikuwa lile lile. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba mnunuzi asiye na macho huvinunua vyote viwili kwa bei moja.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kukusanya kweli. Nimefikisha vyombo arobaini na vitatu. Thelathini na saba vingali vizima. Sita vimevunjika, vitano kwa kutumiwa na kimoja kwa paka. Vijana wameniomba niseme mtu anaanzaje, basi nitasema kwa kifupi.

Kwanza, tazameni kitako. Juu ya chombo kuna rangi, na rangi inaweza kuficha mengi. Kitakoni udongo uko uchi. Kuna mfinyanzi aitwaye Arakawa Toyozo, aliyefariki mwaka 1985, naye pia alikuwa Hazina Hai. Mwaka 1930 alionyeshwa bakuli la kale mjini Nagoya, la namna iitwayo Shino, jeupe, lenye mchoro wa chipukizi la mwanzi. Wataalamu wote walisema vyombo hivyo vilitengenezwa Seto. Arakawa akaona kitakoni chembe ya udongo mwekundu isiyofanana na udongo wa Seto. Akaenda kutafuta katika vilima vya Mino, kwenye magofu ya tanuri za zamani, akaokota kigae chenye mchoro ule ule wa mwanzi. Kigae kimoja kikabadilisha historia yote. Arakawa akajenga tanuri lake hapo hapo, akatumia maisha yake yote kujifunza upya kazi ya watu waliokwisha kusahauliwa. Sisi husema mfinyanzi hulia gaeni, kwa maana ya kumhurumia. Huyu gae lilimlisha kweli kweli.

Pili, nunueni kitu kidogo cha kutumiwa kila siku. Msianze na bakuli kubwa la sherehe ya chai. Kikombe cha chai cha mfinyanzi kijana kitawafundisha zaidi, na kosa lake halitaezua nyumba ya mtu. Kila mahali pana tabia yake. Vyombo vya Bizen havipakwi rangi yoyote. Huchomwa kwa kuni za msonobari siku kumi au zaidi, na majivu na ndimi za moto ndizo zinazochora. Vyombo vya Hagi vina nyufa nyembamba sana, na chai ikipenya humo miaka kwa miaka, rangi hubadilika. Maana yake ni kwamba mfinyanzi hukamilisha nusu, na nusu nyingine hukamilisha mnywaji.

Tatu, vitunzeni kwa akili. Chombo kisichopakwa rangi kiloweshwe maji safi kabla ya kutiwa chai, kisinywe chai yote kwa mara moja. Baada ya kuosha, kikauke kabisa, hata siku mbili tatu, ndipo kirudi sandukuni. Ukikifungia na unyevu utakuta ukungu. Na sanduku lake usitenganishe nacho. Mimi niliumizwa na mtu aliyetenganisha.

Nne, na hili ndilo kubwa, kusanyeni vile vinavyowashinda. Somo hili ni la Hamada mwenyewe. Mwaka 1977 alifungua makumbusho Mashiko katika nyumba zake, akaweka humo vitu alivyokusanya kutoka nchi nyingi, vingi vyao vya watu wasiojulikana. Alivinunua kila alipoona kwamba kazi yake imeshindwa na kitu kile. Mtu mwenye cheo kama chake alikuwa akizungukwa na mambo yaliyomshinda, na akayafanya walimu.

Huenda mkasema haya ni mambo ya mbali. Si ya mbali sana. Leach, aliyekwenda St Ives pamoja na Hamada, alipata mwanafunzi mwaka 1923, Mwingereza Michael Cardew. Cardew baadaye alikuja Afrika Magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Naijeria. Hapo mwaka 1954 akaingia mama mmoja aitwaye Ladi Kwali, ambaye tayari alikuwa fundi mkubwa wa mitungi ya asili yao. Miaka ya 1970 akafika huko kujifunza binti aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, Magdalene Odundo. Leo mitungi ya Odundo, anayoijenga kwa mkono bila gurudumu, anayoisugua mpaka ing'ae bila kuipaka kioo, imo katika makumbusho makubwa ya dunia. Kwa hiyo mnyororo huo umefika mpaka Afrika Mashariki. Nami nakiri mbele yenu kwamba mtungi wa maji wa nyumbani kwetu ulitengenezwa na akina mama wa Kikisi wa Ziwa Nyasa, mama aliununua gulioni, na katika miaka yote niliyochota maji humo sikuugeuza hata siku moja kuona kitako chake.

Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko kubwa liliipiga Japani, na Mashiko ilitikisika. Matanuri mengi yalibomoka, na tanuri la Hamada la kupanda mlima liliharibika pia. Mzee wangu alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe aliniandikia kwamba rafu zote za baba yake zimelala chini na tanuri limekuwa rundo la matofali. Sikujua la kumjibu. Lakini wafinyanzi walisaidiana, tofali kwa tofali. Tanuri la Hamada lilitengenezwa, na mwaka 2015 watu wa Mashiko wakajaza humo vyombo vyao wengi kwa pamoja, wakaliwasha. Nilipokwenda mara ya mwisho, mwaka 2018, nilikuta gulio limejaa kama Jumapili ile ya kwanza. Nilinunua kikombe kimoja. Safari hii nilikula chakula cha mchana.

Naona bakuli limefika mstari wa mwisho. Nimekuwa nikiwatazama. Wengine wamelipima uzito, mmoja amelinusa, na kijana mmoja pale dirishani ameligeuza kitako akalishika muda mrefu mpaka jirani yake akamgusa bega. Hilo ndilo bakuli lenyewe ninalolisema. Sanduku lake liko nyumbani, tupu. Ningeweza kuwaonyesha kifuniko kwanza, na mngalilipokea kwa heshima zaidi, lakini mngalikuwa mmelitazama kidogo zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuondoka mikono mitupu. Nimeleta vikombe kumi na viwili vya wafinyanzi vijana wa Mashiko, ambao majina yao nimeyaandika katika daftari nitakalomkabidhi Mwalimu Mkuu. Ni zawadi yangu kwa shule, kwa sharti moja: visifungiwe katika kabati la vikombe vya michezo. Vitumike. Wanafunzi wanywee chai kwa zamu, na kila anayekitumia aandike daftarini alichokiona. Na kikivunjika, Mwalimu Mkuu, nakuombea huyo mvunjaji msamaha mapema, kwa niaba ya aliyevunja birika.

Na huyo mwenye bakuli huko nyuma, tafadhali alirudishe. Kesho asubuhi nitalihitaji kwa uji.